Cheti Nacho Kivuke Mpaka

 

Leo tuzungumze kuhusu watoto waliokimbia vita na shule walizoziacha nyuma. Habari hii umekwisha kuisikia mara nyingi, na mara nyingi huishia kwenye huruma: picha ya mtoto kakumbatia daftari, wito wa mchango, kisha tunahamia habari za michezo. Leo huruma tuiweke kando kidogo. Nina swali moja, tena kavu kama maswali ya ofisini: mtoto akimaliza darasa la sita kambini, ile karatasi anayokabidhiwa inatambuliwa na nani?

Nauliza hivyo kwa sababu kila tunapoizungumzia elimu ya wakimbizi tunahesabu vinavyoonekana. Madarasa mangapi, madawati mangapi, vitabu vingapi. Cheti hakimo kwenye hesabu. Na bila cheti, miaka yote ile ya kukaa mkekani na kunakili ubaoni inabaki kuwa siri ya mtoto na mwalimu wake.

Tuanze na siku za mwanzo za ukimbizi, maana hapo dunia imejifunza jambo. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu laki moja na nusu kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, mkoani Kagera, katika muda wa kama siku moja. Penye kambi ya Benaco hapakuwa na kitu, ghafla pakawa na mji wa maturubai. Ungedhani shule ingekuwa jambo la mwisho kukumbukwa. Lakini katika umati ule walikuwamo walimu, na palipo na walimu na watoto, masomo hayakawii kuanza. UNESCO ikapeleka vifurushi vya kufundishia, vilevile ilivyokuwa imevitumia Somalia: chaki, madaftari, penseli, mwongozo wa mwalimu. Mwaka uliofuata, 1995, Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera hapo hapo Ngara, ikazungumza na wakimbizi na wenyeji kwa lugha wanazozielewa. Redio hiyo iliendelea kusikika hata baada ya Wanyarwanda wale kuondoka.

Kutokana na dharura za miaka hiyo, UNICEF nayo ina sanduku la bati ambalo leo hupelekwa karibu kila penye maafa. Linaitwa shule ndani ya sanduku. Hebu tulifungue pamoja. Mfuniko wake ukipakwa rangi maalumu iliyomo humo ndani, unakuwa ubao. Kuna vifaa vya watoto 40: penseli, vifutio, mikasi, madaftari. Kuna saa ya mbao ya kufundishia majira, chati ya herufi na chati ya kuzidisha. Kuna redio isiyotaka umeme wa waya, ya kuzungusha kwa mkono au ya jua. Ukitazama madaftari yenyewe utaona kwamba hayana ule mstari wa pembeni tuliouzoea. Yamechapishwa hivyo kusudi, ili mtoto anayeandika kutoka kushoto na mwenzake anayeandika kutoka kulia, kama waandikao Kiarabu, wote waweze kuyatumia. Nani alifikiria jambo dogo kama hilo? Mtu aliyeijua kazi yake.

Sanduku hilo limetengenezwa ili masomo yaweze kuanza ndani ya saa 72 tangu maafa yatokee. Nalisifu kwa moyo wote. Ila kasoro haimo sandukuni, imo katika tunayoyafanya baada ya hizo saa 72. Tunaendelea kumtendea mtoto kama mtu wa dharura mwaka wa kwanza, mwaka wa tano, mwaka wa ishirini.

Chukua Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita vya Kivu. Waliozaliwa humo mwaka ule sasa ni watu wazima, na wengi wana watoto wanaosoma kambini humohumo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wetu huyu ameingia muongo wa tatu, na jembe la mtoto, ambalo ni elimu itakayomfaa mahali alipo, bado tunabishana kama tumpe au tusimpe.

Mambo yenyewe yako hivi. Mtoto wa Kikongo wa Nyarugusu anaongea Kiswahili. Mtoto wa Kitanzania wa kijiji cha Makere, jirani na kambi, anaongea Kiswahili. Wakikutana, wanaelewana bila mkalimani. Lakini asubuhi kila mmoja anashika njia yake. Wa Makere anakwenda shule ya msingi kusoma mtaala wa Tanzania kwa Kiswahili. Wa kambini anakwenda kusoma mtaala wa Kongo, na kadiri anavyopanda madarasa, Kifaransa ndicho kinachotawala. Akifika mwisho wa sekondari anafanya Examen d'État, mtihani wa serikali unaotungwa Kinshasa, mji ambao pengine hata wazazi wake hawajawahi kuuona. Watoto wa Kirundi waliokuja kuanzia 2015, baada ya ghasia za muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, nao walipangiwa mtaala wa Burundi. Kambi moja, nchi moja, mitaala miwili ya kigeni.

Kwa nini imekuwa hivyo? Sababu ipo, na tuisikilize kwa haki. Serikali ya Tanzania inasema ukimbizi ni wa muda, mtu atarudi kwao, kwa hiyo asome vitakavyomfaa akirudi. Kwa Mrundi aliyekimbia 2015 akarejea baada ya miaka mitatu, hoja hiyo ina nguvu. Mtoto wake alirudi akaendelea na darasa lake, kwa Kirundi na Kifaransa, bila kupotea njia.

Ushahidi wa upande huo upo pia katika historia yetu wenyewe. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo, ambayo leo yako Katavi. Walipewa ardhi wakalima, na watoto wao wakasoma mtaala wa Tanzania kama watoto wengine wa nchi. Kuanzia 2008, maelfu kati yao walipochagua kurejea Burundi, watoto wao waliingia madarasani wakiwa na Kiswahili kingi, Kiingereza kidogo, na Kifaransa hakuna. Kijana aliyekuwa akiongoza darasani kwake Mishamo akajikuta anarudishwa nyuma, akae na watoto wadogo. Wapo walioacha shule kwa aibu tu.

Lakini tazama na upande wa pili wa hadithi hiyo. Wengi wa wakimbizi wale wa 1972 walichagua kubaki, na kufikia 2014 Tanzania ilikuwa imewakabidhi uraia watu wapatao 162,000, pamoja na watoto wao. Hao hawakuanza upya. Watoto wao walikuwa tayari wanasoma darasa moja na Watanzania, wanafanya mtihani mmoja, wana cheti kimoja. Taifa lilipowaandika kuwa raia liliwakuta wamekwisha kuandaliwa. Leo watu wa Katumba na Ulyankulu ni wakulima, walimu na wafanyabiashara wa nchi hii kama mtu mwingine yeyote.

Mifano hiyo miwili haigombani. Inachotufundisha ni kwamba siku mtoto anapoandikishwa darasa la kwanza, hakuna ajuaye kama atarudi kwao au atabaki. Si waziri, si mzazi, si shirika la wakimbizi la UNHCR. Ukimchagulia mtaala kwa kubashiri mwisho wa vita, umecheza kamari, na dau ni mtoto. Njia ya salama ni kumpa mtaala wa mahali alipo, na kuhakikisha cheti chake kinasomeka ng'ambo ya mpaka siku akiamua kuvuka.

Majirani zetu wamekwisha kujaribu. Uganda hutenga ardhi kwa wakimbizi, na watoto wao wanasoma pamoja na wenyeji, mtaala wa Uganda, mtihani wa Uganda. Mwaka 2016, wakati vita vya Sudan Kusini vilipofurika mpaka Bidi Bidi, kaskazini mwa nchi, makazi hayo yalipokea zaidi ya watu laki mbili na nusu katika miezi michache. Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ya Uganda ikazindua mpango mmoja wa elimu kwa wakimbizi na jamii zinazowapokea. Shule ikijengwa kwa fedha za wafadhili, mtoto wa mwenyeji naye anaketi humo.

Kenya nayo, katika kambi za Dadaab, iliyofunguliwa 1991, na Kakuma, iliyofunguliwa 1992, watoto wanasoma mtaala wa Kenya. Aliyefanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, huko Kakuma amefanya karatasi ileile aliyofanya mwenzake wa Kisumu. Mary Maker, aliyekimbia Sudan Kusini akiwa mtoto, alisoma Kakuma, akarudi kufundisha katika sekondari ya wasichana hukohuko, na mwaka 2018 akasimama jukwaani kambini humo kuieleza dunia maana ya darasa kwa mtu aliyepoteza kila kitu. Aliyesoma Kakuma ana cheti cha Kenya.

Hata hivyo, tusipake rangi. Mtoto wa Rutshuru au Masisi, mashariki mwa Kongo, aliyefika makazi ya Nakivale, Uganda, na Kiswahili chake na Kifaransa cha shuleni, anakuta somo linafundishwa kwa Kiingereza. Alikuwa darasa la sita, anaambiwa aanzie la tatu. Ana miaka kumi na minne, magoti hayaingii chini ya dawati. Ndiyo maana kuna madarasa ya elimu ya haraka, ambayo huko Uganda hubana miaka saba ya msingi ikawa mitatu, kwa ajili ya wakubwa waliochelewa. Ni kazi nzuri. Lakini huyu mtoto wa mfano wetu hakuchelewa. Alisoma, ila hakuna aliyemuuliza anajua nini. Aliulizwa karatasi yako iko wapi, na karatasi iliungua na nyumba.

Na hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu ya leo. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Tanzania iliukubali 1964 na Kenya 1966, una kifungu cha 22 kinachohusu elimu. Sehemu yake ya kwanza inajulikana: elimu ya msingi kwa mkimbizi iwe sawa na ya raia. Sehemu ya pili haisomwi sana. Inahusu elimu inayopita ile ya msingi, na inataja kwa jina kabisa kutambuliwa kwa vyeti vya nchi za kigeni, kusamehewa ada, na kupewa ufadhili. Waliouandika mkataba ule walikuwa wametoka kwenye vita vikuu vya dunia. Walijua kwamba mtu anaweza kunusurika na roho yake, na elimu yake ikafia ofisini.

Desemba 2017 nchi za IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na majirani zake, zilikutana Djibouti, zikaahidi kuwaingiza watoto wakimbizi kwenye mifumo ya elimu ya taifa na kutambua walichokwisha kusoma. Kenya na Uganda zimo IGAD. Tanzania, Burundi na Kongo hazimo. Ila zote zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kongo ikiwa imejiunga mwaka 2022. Na Jumuiya hiyo mwaka 2017 ilijitangaza kuwa eneo moja la elimu ya juu. Vizuri sana. Lakini atafikaje chuo kikuu mtoto ambaye cheti chake cha sekondari hakimvushi hata mto Malagarasi? Kijana wa Nyarugusu mwenye diploma ya serikali ya Kongo, yaani cheti cha ule Examen d'État, akitaka kujiunga na chuo cha Tanzania, anatakiwa apate ulinganifu wa Baraza la Mitihani. Ili aufuatilie anahitaji nyaraka kutoka nchi aliyoikimbia, nauli, ada, na kabla ya yote hayo kibali cha kutoka kambini. Mwenye vyote hivyo hana haja ya kuitwa mkimbizi.

Tumtazame na mwalimu, kwa sababu cheti kina thamani ya mwalimu aliyekiandaa. Katika kambi nyingi za eneo letu, anayesimama mbele ya darasa ni mkimbizi mwenyewe. Pengine alimaliza sekondari hapo hapo miaka miwili iliyopita. Hana mshahara, ana posho, kwa sababu sheria za ajira hazimruhusu kuajiriwa kama mwalimu wa nchi. Kakuma watoto zaidi ya 100 kwa mwalimu mmoja ni jambo la kawaida. Fikiri: saa nane mchana, zamu ya pili, bati limeshika moto, watoto 100 na vitabu vichache vinavyozunguka kutoka mkono hadi mkono. Akisahihisha kila daftari kwa dakika mbili tu, ni zaidi ya saa tatu za kazi, kwa somo moja, kwa posho. Akipata kazi ya kutafsiri kwenye shirika inayolipa zaidi, atamlaumu nani akiondoka?

Twende kwenye takwimu kidogo. Ripoti ya UNHCR ya 2024 ilisema kuna watoto wakimbizi milioni 14.8 wa umri wa kwenda shule katika nchi 65 zilizotoa taarifa, na kati yao milioni 7.2 hawako shuleni. Waliomo shule ya msingi ni asilimia 65. Wanaofika sekondari ni asilimia 42. Wanaofika chuo ni asilimia 7. Iangalie ngazi hiyo inavyopungua. Njaa imo, umaskini umo, ndoa za mapema zimo, na msichana ndiye anayetangulia kutolewa. Lakini uliza pia wazazi wa kambini kwa nini mtoto hakuendelea, utasikia jibu hili: aendelee ili apate nini? Mzazi huyo anaipenda elimu kama wewe. Amepiga hesabu tu, akaona cheti hakina soko.

Kuna msikilizaji ananiambia moyoni: watoto wetu wenyewe wanakaa chini, darasa moja lina watoto mia, na wewe unatetea wageni. Hoja hiyo siidharau, kwani wilaya zenye kambi nyingi ni za pembezoni na shule zake zina upungufu mkubwa. Ndiyo hasa sababu ya kuziunganisha. Shule ya kambini yenye mtaala wa kigeni ikifungwa, mwenyeji harithi vitabu, hapati mwalimu, labda majengo. Kambi ya Mtendeli, wilayani Kakonko, ilifunguliwa 2016 na kufungwa 2021. Fedha zilizotumika humo kwa vitabu vya mtaala wa Burundi zingetumika kwa mtaala wa Tanzania, vitabu hivyo leo vingekuwa mikononi mwa watoto wa Kakonko.

Na fedha zenyewe zinapungua. Kwa miaka mingi, katika kila shilingi 100 za misaada ya kibinadamu duniani, elimu imekuwa ikipata kama 3. Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada la USAID na wafadhili wengine kubana mikoba, mgao wa chakula ulipunguzwa kambi baada ya kambi. Wakati huohuo vita vikaongezeka: Januari mwaka huo Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23, Februari Bukavu, na zaidi ya Wakongo 70,000 wakavuka mto Rusizi na mpaka kuingia Burundi katika miezi michache. Watoto wapya wanaingia foleni wakati jiko linazimwa.

Lakini angalia: kutambua cheti hakuhitaji mfadhili. Hakuhitaji saruji wala mabati. Kunahitaji mawaziri wa elimu wa nchi za Jumuiya wakae meza moja, wakubaliane jedwali la ulinganifu kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha mwisho, na kusema kwamba asiye na karatasi apimwe kwa mtihani wa siku moja na apangiwe darasa linalolingana na anachokijua. Lugha apewe muhula mmoja au miwili ya kuinoa, akiwa darasani na wa umri wake.

Kabla mawaziri hawajakaa, wewe na mimi tuna la kufanya. Mwalimu mkuu, ukiletewa mtoto aliyetoka vitani bila barua ya uhamisho, usimfukuze. Mkalishe, mpe hesabu nne na aya moja ya kusoma kwa lugha anayoijua, utajua wa darasa gani. Mzazi uliyeko kambini au mjini bila makao ya kudumu, ripoti ya mwanao ya kila muhula itunze kama unavyotunza kadi ya mgao wa chakula. Ipige picha, mtumie ndugu aliye mbali. Afisa elimu wa wilaya, orodha ya wanafunzi wa kambini iwe na nakala ofisini kwako, kwa sababu mashirika huja na kuondoka, na yakiondoka huenda na makabati yao. Nanyi wabunge wetu wa Arusha, katika Bunge la Afrika Mashariki, mmeshughulikia ushuru wa forodha na mizigo ya malori. Lifikisheni na hili la cheti cha mtoto.

Mtoto akisoma miaka sita, amesoma miaka sita, iwe Kasulu, iwe Kakuma, iwe Uvira. Serikali inayokataa kuandika hivyo haijaokoa senti hata moja. Imemnyima mtoto kilicho chake.